Kamshafti Haina Zawadi: Historia ya Nundu Inayofanya Gari Yako Ikohoe

Wasee wa magari, leo tuongee ukweli. Hakuna kamshafti imewahi kumpa mtu nguvu ya bure. Inatoa mfuko huu inaweka mfuko ule, basi. Ukitoa kamshafti ya kiwandani uweke ile ya kununua, halafu gari ianze kutetemeka, kunuka petroli, kukaza breki na kukataa kupanda kilima, kuna maelezo mawili tu. Ama imefungwa vibaya, ama imefungwa vizuri na injini inafanya vile kamshafti imeiambia ifanye. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, na dawa zake ni tofauti.

Hapa kwetu watu wengi hawazitofautishi. Wananunua plagi. Wananunua koili. Wananunua pampu ya petroli. Mwisho wanafungua injini yenye haikuwa mgonjwa. Nimeona vijana wa rika langu wakimaliza akiba ya mwaka mzima hivyo, na ndio maana naandika hii.

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma kulipika, kwa hivyo usiniulize cheti. Lakini hiki chuma nimekisoma historia yake, na kitu kimoja kimenishika: karibu kila dalili gari yako inakuonyesha leo, kuna mtu alipatana nayo kitambo na akaipatia jibu. Ukijua hadithi unajua pa kuanzia kutafuta.

Ilianza na kutwanga

Chukua kinu na mchi. Unainua mchi, unauachilia, unatwanga. Sasa fikiria umechoka, na hapo nje kuna mto unapita. China, karibu miaka 2,000 iliyopita enzi za ukoo wa Han, watu walichukua gurudumu linalozungushwa na maji, wakaliunganisha na gogo refu, na kwenye hilo gogo wakapachika vipande vinavyochomoza. Gogo likizunguka, kipande kinakandamiza mkia wa nyundo, nyundo inainuka. Kipande kikipita, nyundo inaanguka. Nafaka imetwangwa na wewe umekaa kwa kivuli.

Hiyo ndiyo kamshafti. Fimbo inayozunguka, na nundu zinazosukuma kitu kwa wakati wake. Mwaka wa 1206, fundi mmoja anaitwa al-Jazari, aliyefanya kazi kwa watawala wa Diyarbakır katika nchi tunayoiita Uturuki leo, alimaliza kitabu chake cha mashine, na ndani yake kuna fimbo za nundu zinazoendesha vyombo vyake.

Shika hilo wazo, kwa sababu halijabadilika hadi leo. Nundu inaamua mambo matatu: kitu kinainuka lini, kinainuka kiasi gani, na kinakaa juu kwa muda gani. Kila kamshafti utauziwa, hata iwe imeandikwa maneno gani kwa boksi, inabadilisha hayo matatu tu.

Injini zilizopumua zenyewe

Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini yake ya mapigo manne mwaka wa 1876: vuta, kandamiza, lipua, toa. Hapo unahitaji mlango wa kuingiza hewa na mafuta, na mlango wa kutoa moshi. Hiyo milango ndiyo valvu.

Sasa, magari mengi ya mwanzo yalikuwa na mchezo fulani. Valvu ya kutoa ilisukumwa na nundu, lakini ya kuingiza haikusukumwa na kitu. Ilishikiliwa na springi dhaifu, na pistoni ikishuka inaifungua kwa kuvuta tu, vile unavuta soda na mrija. Rahisi, na ya bei nafuu. Injini ikizunguka polepole ilikuwa sawa. Ukitaka mwendo, valvu inachelewa kufunguka, inachelewa kufunga, na injini inaishiwa pumzi. Ndani ya miaka michache ya karne ya 20, watengenezaji wakaachana na hiyo na kuweka nundu pande zote mbili.

Halafu ikaja 1912. Mashindano makubwa ya Ufaransa, pale Dieppe. Peugeot walileta gari la lita 7.6, lenye kamshafti mbili juu ya silinda na valvu nne kwa kila silinda. Fiat walikuwa na jitu la lita 14. Georges Boillot na ile Peugeot akashinda. Mwaka uliofuata Jules Goux akapeleka Peugeot hadi Indianapolis, Marekani, akashinda huko pia. Injini iliyopumua vizuri ilikuwa imepiga injini kubwa.

Ukifungua boneti ya Toyota nyingi zinazopita hapa Nairobi, mpango utakaopata ni ule ule: kamshafti mbili, valvu nne kwa silinda. Hiyo teknolojia ina zaidi ya miaka 110.

Mkopo wenye riba

Kabla tuende Marekani, lazima tuelewe biashara yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea.

Hewa ina uzito. Injini ikizunguka haraka, hewa inayokimbia kuingia kwa silinda haisimami ghafla, inaendelea kujisukuma hata pistoni ikishaanza kupanda. Kwa hivyo ukiacha valvu ya kuingiza wazi muda mrefu kidogo, unashika hewa zaidi na nguvu inaongezeka. Pia ukifungua valvu ya kuingiza kabla ile ya kutoa haijafunga, moshi unaotoka unasaidia kuvuta hewa mpya iingie. Kuna dakika, sorry, kuna nukta ndogo ya muda ambapo valvu zote mbili ziko wazi pamoja. Kamshafti kali huirefusha hiyo nukta.

Hiyo ni tamu kwa mizunguko 6,000 kwa dakika. Sasa shuka hadi 800, uko kwa jamu. Hewa haina mbio tena. Pistoni ikipanda, ile valvu iliyochelewa kufunga inaacha hewa irudi ilikotoka. Valvu zote mbili zikiwa wazi, moshi unarudi nyuma na kuchafua hewa mpya. Matokeo: injini inatetemeka, kompresheni inapungua, na ombwe ndani ya bomba la hewa linashuka. Ombwe ni ile nguvu ya kuvuta ambayo injini hutengeneza, na breki zako zinaitegemea ili pedali iwe laini.

Kwa hivyo mtetemo, ulaini wa nguvu chini, na breki ngumu si lazima ziwe hitilafu. Zinaweza kuwa riba ya mkopo uliochukua.

Vijana wa ziwa kavu

Huo mkopo uliandikwa wapi kwanza? California. Kusini mwa jimbo kuna maziwa yaliyokauka, ardhi tambarare na ngumu kama meza, kama pale Muroc. Vijana wa Los Angeles walikuwa wanaenda huko wikendi kukimbiza magari waliyoyatengeneza wenyewe. Mwaka wa 1932 Ford ikatoa injini ya V8 kwa bei ya mwananchi, na baada ya miaka michache hizo injini zikaanza kupatikana kwa bei ya chuma kuukuu. Unaona inafanana na wapi?

Jamaa anaitwa Ed Winfield alikuwa amewatangulia, akisaga kamshafti na kutengeneza kabureta kwa mikono yake. Na baada ya vita kuu ya pili akaja Ed Iskenderian, kijana wa familia ya Waarmenia, ametoka kuhudumu jeshi la anga. Alitaka kamshafti ya gari lake. Akaambiwa angoje, foleni ni ndefu, kila kijana aliyerudi kutoka vitani anataka moja. Badala ya kungoja akatafuta mashine ya kusaga iliyotumika, akaibadilisha ifanye kazi ya kusaga nundu, na mwaka wa 1946 akafungua biashara. Jina lake likawa kubwa kwa sehemu hizi za kununua. Kijana alikosa kitu, akakaa chini akajifunza vile kinatengenezwa. Mimi hiyo napenda sana.

Lakini angalia mahali ilizaliwa. Ziwa kavu halina kilima, halina taa za barabarani, halina matuta, halina matatu inakukata mbele ghafla. Unakanyaga mara moja, unashikilia hadi mwisho. Huko nani anajali injini ikitetemeka imesimama? Nani anajali breki ngumu na hakuna kitu mbele yako kwa kilomita nyingi?

Kamshafti kali ya kununua ni mtoto wa ziwa kavu. Wewe unaileta Thika Road saa kumi na moja jioni, halafu unashangaa inalia.

Barua ya Duntov

Huyu jamaa naye watu wachache wanamjua huku. Zora Arkus-Duntov. Alizaliwa Brussels mwaka wa 1909 kwa wazazi Warusi, akasomea uhandisi Berlin, akakimbia Wanazi, akafika Marekani. Mwaka wa 1947 yeye na kaka yake Yura walikuwa wanauza vichwa vya silinda vya ile ile Ford V8, vikiitwa Ardun. Mwaka wa 1953 akaajiriwa na General Motors.

Desemba mwaka huo, akiwa bado mgeni kazini, akaandikia wakubwa wake barua kuhusu vijana, watu wa kurekebisha magari, na Chevrolet. Hoja yake, kwa maneno yangu: hawa vijana wako na Ford kwa sababu sehemu na ujuzi wa Ford zimejaa kila mahali. Mkitaka waje kwetu, msingoje wajaribu na kuharibu wenyewe. Tengenezeni sehemu zilizopimwa tayari, na mziuze. Na sehemu alizotaja hazikuwa kamshafti peke yake. Alitaja kamshafti, valvu, springi, bomba la kugawa hewa, pistoni.

Soma hiyo orodha tena polepole. Mtu aliyeelewa kamshafti kuliko karibu kila mtu wa wakati wake hakuiuza ikiwa mpweke. Kwake kamshafti ilikuwa ya familia. Januari 1956 alipeleka Corvette ufukweni Daytona, ikiwa na kamshafti aliyoichora mwenyewe, akapita maili 150 kwa saa. Mwaka wa 1957 Chevrolet ikatangaza injini ya inchi 283 za ujazo yenye nguvu farasi 283, farasi mmoja kwa kila inchi.

Sasa rudi kwa group zenu za magari uone vile kamshafti inauzwa: peke yake, imefungwa kwa gazeti. Springi ni zile za zamani zimechoka. Kompyuta ya gari haijaguswa. Kompresheni ni ya kiwanda. Halafu tunasema kamshafti ni mbaya.

Safari haikuwa ziwa kavu

Afrika Mashariki tuko na historia yetu ya mbio, na inafundisha kinyume kabisa. Safari Rally ilianza 1953. Vumbi, matope, mawe, milima, maelfu ya kilomita. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544, gari ambalo lilikuwa limeshatumika na wengine kabla yao. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa jina kubwa. Akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo na Mitsubishi Lancer ya cc 1,600. Shekhar Mehta naye akashinda mara tano: 1973, halafu mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, zote akiwa na Datsun.

Safari haikuuliza gari lako linafika ngapi mwisho wa tambarare. Iliuliza kama litatoka kwa matope saa nane usiku, likiwa gia ya pili, na kama litafika kesho. Kwa matope unataka nguvu ya chini. Na barabara ya kwenda kazini asubuhi inafanana na Safari zaidi ya vile inafanana na Muroc.

Corolla ya jirani

Sasa nikupeleke mtaani. Kuna jirani yangu ana Corolla ya zamani yenye 4A-GE, ile ya cc 1,600, valvu 16. Kwa wanaojua, hiyo ni injini ya heshima. Kamshafti yake ya kiwanda hufungua valvu kwa nyuzi 240 za mzunguko. Yeye akanunua ya nyuzi 288.

Ikafungwa. Gari likaanza kutetemeka likiwa limesimama, kunuka petroli, pedali ya breki ikawa kama kukanyaga ukuta. Kwa kilima cha kuingia kwao lilikuwa linapitwa na boda. Lakini ukilipandisha zaidi ya mizunguko 5,000, maze, lilikuwa linapiga kelele tamu na kukimbia kweli.

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi na nyaya zake. Halafu pampu. Halafu akapima kompresheni, akaona namba ziko chini silinda zote nne, akasema ringi zimeisha. Wakafungua injini, wakaweka ringi mpya, wakafunga. Hali ile ile. Pesa iliyoenda hapo ingelipa karo ya semesta, na hesabu ya karo mimi naijua vizuri.

Fundi wa pili alikuwa mzee, karibu astaafu. Jirani akamwambia, "Mzee, hii gari imenishinda." Mzee hakushika spana. Akauliza swali moja: "Kabla ianze kusumbua, ni nini ilibadilishwa?"

Basi. Hilo swali ndilo lilikuwa na thamani ya pesa yote iliyopotea. Ringi nne haziishi zote pamoja, kwa kiasi sawa, siku ile ile umefunga kamshafti mpya. Kompresheni ikishuka sawasawa silinda zote baada ya kubadilisha kamshafti, shuku kamshafti: ama tabia yake ya kuchelewa kufunga valvu, ama imekaa vibaya. Ikishuka silinda moja peke yake, hapo sasa tafuta valvu, gasketi au ringi ya hiyo silinda.

Akaunganisha geji ya ombwe, akaangalia, akatoa kifuniko. Kamshafti ya kuingiza ilikuwa imechelewa kwa jino moja. Unaweza kudhani jino moja ni kitu kidogo. Piga hesabu: gia ya kamshafti ikiwa na meno 40, jino moja ni nyuzi 9 za kamshafti. Lakini kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krankishafti, kwa hivyo kwa krankishafti hizo ni nyuzi 18. Hiyo ni hitilafu kubwa. Na kuna injini ambazo ukikosea meno kadhaa pistoni inagonga valvu, na hapo unatafuta injini nyingine.

Halafu mzee akaeleza kitu nilikuwa sijawahi kusikia kwa video yoyote. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa iko chini ya ile ya Mombasa kwa takriban asilimia 18. Kwa hivyo geji ya ombwe itasoma chini kwa kama inchi 5 kuliko vitabu vinavyosema, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Injini nzima kabisa inayosoma 19 kule Mombasa, hapa itasoma 14 hivi. Geji ya kompresheni nayo inashuka. Fundi asiyejua hilo atasoma namba nzuri ya Nairobi na kusema injini imekufa.

Na hapo mkopo unakuwa na riba mara mbili. Hewa yetu tayari ni nyepesi, na kamshafti kali inarudisha nyingine nje kwa mizunguko ya chini. Ile kamshafti iliyosifiwa na jamaa wa California itakuwa mvivu zaidi ikifika Ngong.

Jino likarekebishwa. Gari likabadilika sana, lakini halikurudi laini. Chini ya mizunguko 3,500 liliendelea kuwa zito, na breki hazikupona kabisa. Mzee akamwambia jirani wazi kwamba hiyo iliyobaki si ugonjwa, ni kamshafti. Jirani akaiuza akaweka ya wastani zaidi, na sasa anapita boda.

Honda walijaribu kumaliza deni

Kama kamshafti moja haiwezi kuwa ya upole chini na kali juu, si uweke mbili? Honda ndivyo walifikiria. Mwaka wa 1989 walitoa Integra yenye VTEC, kazi iliyoongozwa na injinia Ikuo Kajitani. Kwenye fimbo hiyo hiyo kuna nundu za upole na nundu kali. Chini injini inatumia za upole. Mizunguko ikipanda, presha ya oili inasukuma pini ndogo na valvu zinaanza kufuata nundu kali. Lita 1.6, farasi 160, na bado unaweza kwenda nalo sokoni.

Toyota wakaja na VVT-i, Subaru na AVCS, ambazo huzungusha kamshafti mbele au nyuma injini ikiwa inakimbia. Ndiyo hizo zimejaa hapa nchini. Maana yake ni hii: gari yako ya leo ina kompyuta iliyofundishwa kamshafti ya kiwanda tu. Ukibadilisha na usiifundishe upya, ombwe likishuka inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga petroli. Oksijeni iliyopita bila kuchomwa wakati valvu zote ziko wazi ikifika kwa sensa ya ekzosi, inadhani mafuta ni kidogo, inamwaga tena. Ile harufu ya petroli si lazima iwe sindano mbovu.

Kwa hivyo anza wapi?

Nimeweka mpangilio wangu, kutoka kitu cha bei rahisi hadi cha gharama.

Uliza kwanza nini kilibadilishwa. Kama gari lilikuwa fiti asubuhi na likaharibika jioni baada ya kamshafti, usiguse pampu.

Hakikisha alama za taimingi kwa mikono yako na macho yako. Zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, uangalie tena. Ukikuta chuma kimegonga chuma, simama hapo hapo.

Pima nafasi ya valvu kwa kipimo cha kuchomeka, ukifuata karatasi ya kamshafti mpya, si kitabu cha gari. Ikibana, valvu haifungi, kompresheni inatoroka na valvu inaungua. Ikilegea, utasikia kelele za kugonga.

Pima kompresheni silinda zote, ulinganishe moja na nyingine kabla ulinganishe na kitabu. Kumbuka mwinuko wa mahali uko.

Pima ombwe. Likiwa chini na sindano imetulia, shuku taimingi au tabia ya kamshafti. Sindano ikirukaruka kwa mpigo, shuku valvu moja.

Kama gari ni sawa chini halafu linakatika juu, angalia springi. Springi dhaifu haziwezi kufuata nundu kali, na valvu inabaki inaelea.

Kama ni injini ya zamani ambayo nundu inasugua tapeti moja kwa moja, kamshafti mpya inataka kushikishwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20 za kwanza, na oili yenye zinki ya kutosha. Ukiiacha ijitulize polepole, nundu inaweza kulika siku hiyo hiyo, na utatafuta nguvu iliyopotea mahali haiko.

Na breki zikiwa ngumu, usiendeshe. Hiyo moja haina mjadala. Riba zingine unalipa wewe peke yako, lakini hiyo inaweza kulipwa na mtoto anavuka barabara.

Sisemi usibadilishe kamshafti. Winfield alibadilisha, Iskenderian alibadilisha, Duntov alichora ya kwake. Lakini hao wote walikuwa watu wa kupima, awe ni yule aliyesomea Berlin au yule aliyejifunzia kwa mashine kuukuu. Geji ya ombwe na kipimo cha valvu ni bei ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini mara moja bila sababu.

Kama una beshte ametuma pesa ya kamshafti Dubai wiki hii, mtumie hii kabla mzigo ufike. Na umuulize kitu kimoja: gari lake hukaa zaidi ya mizunguko 5,000 kwa dakika ngapi kwa siku?